Limau Nyuma ya Kopo la Sabuni

Kwanza niseme wazi: mimi si daktari, si profesa, na sijawahi kutaka kuwa. Mimi ni muosha chupa. Kwa miaka kumi na tisa kila chupa iliyotumika katika maabara yetu imepita mikononi mwangu, ndiyo maana wananiita Mama Chupa. Wageni huliona jina hilo la kuchekesha kwa wiki mbili hivi. Wiki ya tatu wanakosa chupa safi asubuhi, wanakuja mlangoni kwangu na adabu zao zote.

Chumba changu kiko mwisho wa korido: masinki mawili, brashi kumi na moja zilizoning'inizwa kwa ukubwa, tanuri la kukaushia, na dirisha linalotazama ukuta. Juu ya sinki pana tangazo la herufi nyekundu: HAIRUHUSIWI KULETA CHAKULA WALA KINYWAJI MAABARA. Chini ya tangazo hilo hilo, nyuma ya kopo la sabuni, ndipo nilipokuwa nikificha limau langu. Limau hilo nitalieleza, msiwe na haraka.

Mwaka huo maabara ilikuwa na kazi ya dhahabu. Msinitolee macho, si dhahabu ya kuvaa. Ni dhahabu inayopikwa ndani ya maji mpaka inakuwa punje ndogo ambazo hata darubini ya kawaida haizioni. Daktari Mdogo, binti aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, aliniambia nichukue unywele wangu mmoja niupasue mara elfu tano, ndipo nitapata unene wa punje moja. Nikamwambia nywele zangu zimebaki za kuhesabika, apasue za kwake. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda changu. Tangu siku hiyo yeye ananiita Mama, mimi namwita mwanangu, na chupa zake nikawa naziosha kabla ya za Profesa, mkuu wa maabara. Hilo Profesa halijui.

Punje zenyewe zilikuwa za kupambana na mafua. Si yale ya kupiga chafya mbili ukaendelea na safari yako. Yale makali, yanayomlaza mtu wiki nzima na kila mwaka yanazika watu. Binti alinieleza hivi: kirusi cha mafua ni mwizi asiyejua kuvunja ukuta, kazi yake kutafuta kitasa. Kwenye koo la mtu kuna visukari vidogo, na hivyo ndivyo vitasa vyake. Akishika kimoja, mlango unafunguka, anaingia, anazaliana humo kama kwake. Basi wao wanazivisha punje za dhahabu visukari vya namna ile ile. Mwizi anakuta vitasa vinaelea kila mahali, anashika, anang'ang'ania, na nyuma ya kitasa hakuna mlango.

Mimi niliposikia hivyo nikasema kazi hii ina akili. Na ilikuwa inaenda vizuri. Dhahabu ikipikwa sawasawa maji yanakuwa mekundu, mekundu ya kupendeza kabisa. Kila asubuhi binti alikuwa akiniinulia chupa kupitia kioo cha mlango nione, nami namwinulia brashi.

Kisha Meneja akaleta mashine.

Meneja wetu ni mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, anapenda kitu chochote chenye vitufe. Aliisimamisha ile mashine kwenye kona yangu, akatuita wote, akaipiga piga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. "Inaosha chupa arobaini kwa mkupuo mmoja," alisema. "Haichoki. Haiugui. Haiongei."

Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Jioni yake aliniita ofisini akaniambia kwa sauti ya upole, ile ya kumwambia mtu kafiwa, kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na hautaongezwa. Mpaka wakati huo nitakuwa nabandika lebo. Nikiondoka kwa amani nitapewa barua nzuri ya utumishi, ya kuombea kazi kwingine. Niliumia. Sitaki kujifanya shujaa, niliumia mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya koti langu. Mtu wa miaka hamsini na nne anayejua kuosha chupa tu, kwingine ni wapi?

Chupa za kwanza za mashine zilitoka zinang'aa. Lazima nikiri, zilimetameta kama meno ya mtu wa kwenye tangazo. Watu walizishangaa, Meneja akazipiga picha. Kesho yake Daktari Mdogo akapika dhahabu, na dhahabu ikatoka bluu.

Bluu maana yake imeharibika. Punje zimegandamana, hazielei kila moja peke yake, na vitasa vimebanana humo ndani hata mwizi havioni. Akapika tena: bluu. Mara ya tatu ilitoka kijivu, rangi ya maji ya kudekia.

Hapo wasomi wakaanza kutafuta mchawi. Walisema dhahabu yenyewe mbovu, wakaagiza nyingine. Wakabadilisha maji. Profesa akasema ni joto la chumba, akazima kiyoyozi. Siku ya pili akasema ni ukosefu wa kiyoyozi. Kijana mmoja wa chumba cha pili akapigwa marufuku kupaka manukato. Wiki mbili nzima walikisia kila kitu chini ya jua isipokuwa chupa, kwa sababu chupa zilikuwa zinang'aa, na nani atakishuku kitu kinachong'aa?

Nami nilikuwa pale pembeni, nabandika lebo, roho yangu kwatu. Kwa sababu mimi nilikuwa najua. Au nilidhani najua.

Sasa tuje kwenye limau. Shangazi yangu aliosha glasi hotelini maisha yake yote, naye ndiye aliyenifundisha: baada ya sabuni, kamulia matone ya limau, tikisa, kisha suuza. Nilipoanza kazi maabara nililileta limau langu siku ya kwanza, nikalificha siku ya pili nilipolisoma lile tangazo, na tangu hapo halijawahi kukosekana. Kila chupa niliyoosha kwa miaka kumi na tisa ilionja limau. Basi nikasema moyoni: mashine haina limau, dhahabu haitaki chupa isiyo na limau, mtanikumbuka.

Kwa nini sikusema? Hesabu yangu ilikuwa fupi. Nikisema, Meneja atanifukuza siku hiyo hiyo kwa kuvunja tangazo, bila barua, halafu atanunua gunia la malimau aipe mashine. Nikinyamaza, nina barua yangu. Zaidi ya hapo, na hili ni la aibu, nilikuwa nafurahia. Kila ilipotoka bluu nilibandika lebo kwa madaha.

Wiki ya tatu mume wangu akashikwa na mafua.

Mume wangu ni fundi wa viatu, mtu mzima, jasiri, amewahi kung'olewa jino bila ganzi. Lakini mafua yakimshika anakuwa mtoto wa miezi sita. Alijilaza na blanketi tatu, akaanza kugawa urithi. Bisibisi zake kamwachia kaka yake, redio akaniachia mimi, kisha akaitaka redio asikilize taarifa ya habari.

"Mama watoto," akaniita kwa sauti ya mtu aliyeko kisimani, "si mna dawa huko kazini? Niletee tone moja tu."

"Tone la nini? Hiyo si dawa bado. Iko kwenye visahani, wanaijaribu kwenye chembe hai za maabara. Hata panya hajaonja."

"Mimi niwe panya."

"Panya hasumbui hivi. Na sasa hivi hata hilo la visahani halipo. Dhahabu inatoka bluu."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Akafunua blanketi jicho moja. "Unajua. Ukidanganya unajikuna shingo."

Nikaushusha mkono. Nikamwambia yote: mashine, limau, barua. Nilitegemea ataniunga mkono, maana ni mume wangu na nilikuwa namkanda kichwa wakati huo. Akapiga chafya nne ambazo zilinirudia usoni, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nakufa hapa kwa sababu wewe umenuna."

Nilimwambia hafi. Nikamwambia anywe maji alale. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na usoni nilikuwa nimeshapata na ziada, kama mtakavyosikia.

Alhamisi nilimkuta Daktari Mdogo kwenye chumba changu cha zamani. Amekaa kwenye kigoda, kichwa ameegemeza kwenye sinki kavu, analia bila sauti. Nilidhani kafiwa.

"Kesho kikao, Mama," akasema. "Profesa anafunga kazi ya dhahabu. Na si kufunga tu. Wanauliza, kama mwanzo ilikuwa nyekundu na sasa haiwezekani tena, je, ile nyekundu ilikuwa ya kweli? Wanadhani nilipika majibu."

"Nani kasema hivyo?"

"Hakuna aliyesema. Wananitazama tu."

Niliuona ule wekundu kwa macho yangu, kila asubuhi, kupitia kioo cha mlango. Nilisimama pale na karatasi yangu ya lebo, nikajichukia kweli kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi maradhi niliyaficha, lakini aliyekuwa anaumbuka ni mtoto wa watu.

"Inuka, mwanangu," nikamwambia. "Nawa uso. Twende kwa Profesa."

Profesa alikuwa na Meneja, wanaandaa kikao. Sikukaa. Nilitoa limau mfukoni, nusu, limeshasinyaa, nikaliweka juu ya makaratasi yao. Nikaeleza. Nilipofika kwenye "miaka kumi na tisa" Meneja alishatoa kalamu zote mbili.

"Chini ya tangazo?" akauliza.

"Chini yake kabisa. Ndipo kopo la sabuni linapokaa."

"Profesa, umesikia mwenyewe. Huyu mama amekuwa akiingiza chakula..."

Lakini Profesa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amelishika lile limau kwa vidole viwili, macho yamemtoka. Akasema kwamba katika mapishi yao ya dhahabu kuna chumvi inayotokana na tindikali ile ile iliyomo ndani ya limau, na inawezekana kabisa, inawezekana! Akamtuma mtu sokoni. Baada ya nusu saa maabara nzima ilinuka malimau, na hakuna aliyelitazama tangazo.

Wakachukua chupa sita za mashine, wakazitia limau, wakatikisa, wakasuuza. Daktari Mdogo akapika. Tulisimama wote tunatazama maji yakichemka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwasamehe.

Bluu. Zote sita.

Nimeitoa siri yangu mbele za watu, nimepoteza barua yangu, halafu kumbe tatizo si limau! Meneja akaandika huku akitikisa kichwa kwa huzuni ya furaha. Akaniambia funguo nirudishe kesho asubuhi, nisisubiri mwisho wa mwezi. Binti akanisogelea. Alinishika mkono tu, na huo mkono ndio ulionimaliza.

"Subiri," Profesa akasema. "Mama, ulipoosha wewe ilikuwa nyekundu. Osha moja sasa hivi, mbele yangu. Bila limau."

"Bila limau siwezi."

"Jaribu."

Tukaenda chumbani kwangu, wanne, tumebanana kama viatu kwenye boksi. Nikachagua chupa moja ya mashine, nikavaa glavu, nikaanza. Sabuni, brashi namba nne, maji ya bomba. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu, lakini mikono haina habari na hayo, mikono ilikuwa imefika nyumbani. Nikaingia kwenye maji ya mwisho, yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji, ambayo hayana kitu ndani yake. Nikasuuza. Nikainua chupa dirishani, nikaitazama, nikarudia. Nikainua, nikarudia. Mara ya tano Profesa akakosa subira.

"Unatazama nini?"

"Maji."

"Maji yamefanya nini?"

Nilidhani ananitania. "Si unaona yamesimama? Chupa chafu, maji yanasimama matone matone ukutani. Ikitakata, maji yanatandaa, yanashuka kama shuka moja, huoni hata tone. Hii bado."

Walitazamana. Profesa akavua miwani, akaivaa tena. "Hii ni chupa ya mashine. Imeshaoshwa kabla hujaigusa."

"Kuoshwa!" Hapo hasira yangu yote ya mwezi ikapata pa kutokea. Nikachukua chupa nyingine ya mashine, inang'aa kama nini, nikamimina maji safi ndani, nikayamwaga, nikamwekea Meneja puani. Matone yalikuwa yamejaa ukutani mle kama jasho kwenye kipara. "Hii mnaiita safi? Hii inang'aa kwa sababu imepakwa! Nyie mna shahada ukutani, hamjui kitu kilichooshwa na kitu kilichopakwa?"

Daktari Mdogo akaifungua ile mashine, akachomoa kichupa kidogo ubavuni. Ndani yake mlikuwa na kimaji cha kung'arisha, kinachojimwaga chenyewe kila mwisho wa kuosha na kuacha utando mwembamba usioonekana. Chupa zinatoka nzuri kwa picha. Dhahabu ikipikwa humo, punje zinakutana na utando, zinachanganyikiwa, zinakumbatiana.

"Na limau letu?" Profesa akauliza taratibu.

"Limau halikuondoa utando," binti akasema. "Pengine halikuwahi kufanya chochote, Profesa. Yalikuwa ni haya macho."

Niliosha chupa ile mara mbili zaidi mpaka maji yakashuka kama shuka. Ikakaushwa, binti akapika, mimi nikatazama ukutani kwa sababu sikuweza kutazama kwingine. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Nilipogeuka, Daktari Mdogo alikuwa ameinua chupa kwangu, si kupitia kioo safari hii, na maji yalikuwa mekundu.

Kikao cha Ijumaa hakikufunga kitu. Baada ya siku kadhaa walinipeleka kuvitazama visahani. Vile vilivyowekewa virusi peke yao vilikuwa na matundu matundu, kila tundu ni mahali ambapo chembe zimekufa. Vile vilivyowekewa virusi pamoja na dhahabu vilikuwa vimeshika rangi ya zambarau, ile inayoshika chembe zilizobaki tu, karibu kote, matundu machache tu. Profesa alinionya nisimwambie mtu ni dawa, kutoka kisahani mpaka kwa mgonjwa ni safari ndefu na nyingi hufia njiani. Nikamwambia najua, nina mgonjwa nyumbani anayeomba kuwa panya.

Akataka pia waandike kwenye ripoti yao chupa zinavyooshwa. Akauliza zinasuuzwa mara ngapi. Nikamwambia mpaka maji yatandae. Akasema sayansi inataka namba. Nikamwambia basi sayansi ije isimame hapa sinki, chupa nyingine tano, nyingine kumi na moja, inategemea ilipikiwa nini na nani. Wakabishana nusu siku. Mwishoni waliandika mpaka maji yatandae.

Meneja aliniletea bahasha moja yenye barua mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba mpya, wa kazi ile ile, na nafasi ya kumfundisha mtu. Ya pili ilikuwa onyo kali kwa kuingiza limau katika eneo la maabara kwa muda wa miaka kumi na tisa. Onyo lilikuwa refu kuliko mkataba. Mume wangu, aliyekuwa ameshapona na kuzirudisha bisibisi zake mikononi mwake, alilitundika sebuleni. Mashine ilihamishiwa chumba cha chai, inaosha vikombe, na chai haijali.

Hadithi ingeishia hapo, lakini zile chafya nne zilikuwa hazijasahau. Jumatatu niliamka mwili mzima unauma kama nimepigwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa sikwenda kazini. Sasa nikamwelewa mume wangu, ingawa sikumwambia. Nilimpigia simu Daktari Mdogo kutoka chini ya blanketi tatu.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya kisimani, "hilo tone moja..."

"Mama," akanijibu, "hata panya hajaonja."

Nilikata simu kwa hasira. Akapiga tena. "Hatujaosha chupa," akasema. "Nimejaribu mbili, maji yanasimama. Profesa kasema kazi yote isubiri mpaka upone. Usije mapema, Mama, pona kwanza. Lakini uje."

Nilikuwa nalia, na kwa mafua yale hakuna aliyeweza kujua ni machozi au ni pua.

Mume wangu akaingia kwa kunyata, ameshika glasi ya maji ya moto yenye limau. Alikuwa ameliosha yeye, amelikata yeye, amekamua yeye, uso umejaa fahari. Nikakaa, nikaipokea glasi kwa mikono miwili. Kisha mazoea yakanishinda. Nikaiinua dirishani, nikaiinamisha kidogo, nikatazama ukingo wa juu maji yaliporudi chini.

"Nani kaosha hii glasi?"

"Mimi."

Nikamrudishia. "Rudia."